Meza ya kutikisa inayoundwa Mbeya: inakamata bati la unga?

Meza ya kutikisa hutenganisha madini mazito na mchanga mwepesi kwa maji na mtikisiko. Karakana za Mbeya zinazounda meza hizi huwa na dhahabu ya Chunya akilini. Mwenye mchanga wa bati, kwa mfano wa Kyerwa kule Kagera, zitamfaa pia, ila asizitumie kama zilivyotoka kwa fundi. Dhahabu safi ni nzito mara 19 kuliko maji, kwa hiyo husamehe makosa. Kasiteraiti, jiwe lenyewe la bati, ni nzito mara 6.8 hadi 7.1 kuliko maji, na mchanga mweupe ni mara 2.65. Pengo hilo linatosha kwa chembe kubwa. Zikishuka chini ya maikroni 40 (maikroni 1,000 ni milimita moja) maji huanza kuzibeba, na chini ya 20 meza ya kawaida hupoteza nyingi mno.

Uso wa faibaglasi ni mzuri sana: haupindi wala hauvimbi kama mbao. Matuta yake, yaani michirizi iliyoinuka juu ya uso, hupungua kimo kuelekea upande wa makinikia (madini yaliyokwisha kutengwa), na ndivyo inavyotakiwa. Kwa bati la unga, hata hivyo, mwambie fundi ayashushe zaidi na aache sehemu pana isiyo na matuta kabisa.

Tatizo kubwa liko kwenye kichwa cha mashine, yaani sehemu inayoitikisa meza. Baadhi ya meza zina mkono wa kawaida unaokwenda na kurudi kwa kasi moja. Hapo mchanga hautasafiri. Meza inapaswa kwenda mbele taratibu na kurudi kwa ghafla. Kabla ya kulipa, isawazishe, iwashe ikiwa kavu, kisha weka sarafu ya shilingi 200 karibu na kichwa. Itambae yenyewe hadi upande wa pili. Ikichezacheza palepale, usiichukue. Hakikisha pia fremu itafungwa kwa bolti kwenye zege, maana ikiyumba, mtikisiko unaishia chini badala ya kwenye mchanga.

Dai puli mbili za mota za kubadili kasi, na kichwa kinachoweza kurekebishwa urefu wa mwendo. Mchanga mnene unataka mwendo wa milimita 20 hivi, mara 250 kwa dakika. Ule mwembamba unataka milimita 10, mara 300 na zaidi. Ukiwa na puli moja tu utapata kasi moja na kukosa nyingine. Lisha kilo 1 ya mchanga kwa lita 3 za maji, na kwa mchanga mwembamba usizidishe nusu tani kwa saa. Maji ya kurudisha kutoka bwawani yakiwa na tope, yanakuwa mazito na bati la unga linaelea nayo hadi kwenye marudio (mchanga unaotupwa). Chimba bwawa la pili la kutuliza.

Lakini bati jingi hupotea kabla halijafika mezani. Kasiteraiti huvunjika kirahisi, na karasha la mipira (linalosaga kwa mipira ya chuma) lililozoea kusaga dhahabu hadi iwe unga litaigeuza tope. Tope hilo hakuna meza itakayolirudisha. Saga kidogo, chekecha, rudisha yale manene tu. Karasha la nondo, linalosaga kwa nondo badala ya mipira, ni bora zaidi kwa kazi hii. Kisha tenga mchanga kwa pipa lenye maji yanayopanda kutoka chini, kila kundi lilishwe peke yake. Katika pipa hilo chembe ya bati ya maikroni 40 huzama karibu sawa na ya mchanga mweupe ya maikroni 75, na meza hupenda jozi kama hiyo: ile kubwa nyepesi husukumwa na maji, ile ndogo nzito hujificha nyuma ya tuta.

Mstari mweusi ukitokea mezani, usidhani wote ni bati. Magnetiti, madini meusi ya chuma yaliyo mazito mara 5.2 kuliko maji, huja pamoja nalo. Kausha makinikia na uitoe kwa sumaku. Kinachobaki kipime hivi: kata gamba la zinki la betri kavu, lisafishe, weka chembe chache juu yake, dondoshea asidi ya hidrokloriki iliyochanganywa na maji, mahali penye hewa na ukiwa umevaa glavu na miwani. Subiri dakika chache, suuza. Chembe za bati zitakuwa zimevaa ngozi ya kijivu, inayong'aa ikisuguliwa. Fanya hivyohivyo kwa marudio, na ukiikuta ngozi hiyo huko, punguza ulishaji kabla hujagusa mteremko wa meza.