TAHADHARI: Kituo cha tuisheni Mbagala kinakula hela za usajili wa kidato cha nne

Wazazi wenzangu wa Mbagala na Temeke yote, kuna mtu kala hela za watoto wetu na leo asubuhi kafungua mlango kama kawaida. Nimepita nikamwona kwa macho yangu anapokea wanafunzi wapya. Siwezi kunyamaza.

Mnaomjua binti yangu mnajua hesabu ilivyomwangusha kidato cha nne na baba yake alivyoyapokea yale matokeo, sirudii. Tukakubaliana arudie kama mtahiniwa wa kujitegemea. Januari nikampeleka hapo, kile kituo cha juu ya maduka, chenye bango la watoto waliovaa majoho.

Huyo anayejiita mkurugenzi alinipokea vizuri mno. "Karibu mama, kaa huku kwenye feni." Akafungua kompyuta, akaingia tovuti ya Baraza la Mitihani. "Huyu wetu, Division One ya pointi 9. Na huyu, alikuja hapa na ziro." Kidole chake kinashuka kwenye zile namba, na macho yangu yanakifuata. Akatoa fomu yenye nembo ya Baraza, akamwambia binti ajaze kwa herufi kubwa. Akachukua pasipoti saizi, moja akaibandika kwa gundi palepale, akagonga mhuri, akaupuliza wino ukauke. Halafu akasema dirisha la usajili linakaribia kufungwa, nimpe hela aunganishe na za wenzake siku hiyohiyo. Nikatuma 120,000 kwa simu hapohapo kwenye kiti. Likatokea jina la mwanamke. "Huyo mhasibu wetu, mama, usiwe na wasiwasi."

Na kwa nini nisimwamini? Mtoto wa jirani alisoma pale akafaulu kweli. Mwalimu wao wa fizikia anafundisha vizuri mpaka leo, huyo simsingizii. Ukutani kuna leseni ya biashara kwenye fremu, chumba kimejaa watoto, ubao umejaa maswali. Mtu wa hivyo utaanzaje kumwita tapeli?

Oktoba wenzake binti wa vituo vingine wote wanazo namba za mtihani, yeye kila akiuliza anaambiwa kesho. Nikaenda mwenyewe kwenye shule tuliyoambiwa ndiyo atafanyia mtihani. Mwalimu wa taaluma alishuka na orodha yote kwa rula, akairudia tena kuanzia juu. Jina halipo. Akaniuliza, "Mama, mlilipa kwa kontrol namba?" Kontrol namba gani? Hiyo namba ya malipo ya serikali sikuwahi kupewa. Na usajili ulishafungwa zamani, hata ule wa faini. Mtihani ni Novemba! Binti yangu alikaa kwenye ngazi za ile shule akawa hawezi kusimama. Mwaka mzima anaamka saa kumi na moja alfajiri, mwaka mzima, kwa mtihani ambao hakuandikishwa.

Huyu mtu afungwe. Sitaki anirudishie hela halafu yaishe, kama anavyojaribu sasa kwa kumtuma mke wake nyumbani kwangu. Manispaa imfungie kile chumba, asikanyage tena mbele ya mtoto wa mtu. Mwizi wa simu anachomwa moto, mwizi wa mwaka wa mtoto anaitwa mkurugenzi! Mungu anamwona.

Anayetafuta kituo sasa hivi: hela ya Baraza inalipwa kwa kontrol namba, haiendi kwenye simu ya mhasibu wala ya nani. Na yale matokeo ya kidato cha nne hayana majina, yeyote anaweza kuyafungua akasema ni wanafunzi wake. Zile namba alizonionyesha zilianza na S, ambazo ni za watoto wa shule. Watahiniwa wa kujitegemea namba zao zinaanza na P. Haya nimeyajua kwa mwalimu wa taaluma.

RB ya polisi ninayo. Uliyelipia pale mwaka huu, usifute meseji ya muamala. Jumatatu saa mbili asubuhi nitakuwa kituo cha polisi, njoo nayo tuandikishe pamoja.