TAHADHARI: Jamaa wa "zilipendwa rimasta" Kariakoo ni tapeli, kanila laki tatu na nusu

Kama umetumiwa lile tangazo la "zilipendwa rimasta, kutoka masta tepu za RTD, ubora wa studio", yaani nyimbo za zamani zilizosafishwa kutoka tepu za asili za Radio Tanzania Dar es Salaam, USITUME HELA. Mimi nimetuma. Laki tatu na nusu, 350,000, kwa nyimbo 212 kwenye flashi ya GB 64, na hapa ninapoandika simu yake haipatikani. Jina lake silitaji kwa sababu suala nimeshalifikisha polisi na nimeambiwa nisiharibu, ila ukilisoma lile tangazo utalijua tu, lina picha ya tepu kubwa ya duara na maneno ya njano.

Nyimbo nilizitaka kwa ajili ya mzee, baba yangu. Kaseti zake zililoa kwenye mafuriko, zilizobaki ni chache. Na Jumamosi ilikuwa siku yake kubwa, watu wanakuja.

Sasa niwaambie ilivyokuwa maana kuna watu washaanza kuniambia "wewe nawe si ungeshtuka". Sikiliza kwanza. Ijumaa saa tisa mchana nimefika, ghorofa ya pili, kaofisi kadogo kasafi, kana feni na viti viwili. Jamaa ni mtu mzima, hamsini na kitu huko, nikamwamkia shikamoo akaitika vizuri kabisa, akaniita mwanangu, akaagiza soda. Mezani pana tepu ya ile ya robo inchi, iko ndani ya boksi lake, boksi limebandikwa karatasi ilishageuka rangi ya chai, imeandikwa kwa kalamu ya wino jina la bendi na tarehe. Akaniambia ishike mwanangu usiogope. Nikaishika. Nzito. Wallahi mikono ilinisisimka, nikamfikiria mzee, nikasema leo nimefika penyewe.

Halafu akaanza kuongea na hapo ndipo aliponimaliza. Maana ANAJUA. Hakuwa mtu wa kubahatisha. Akanielezea kwamba huku kwetu enzi zile kiwanda cha kuchapa santuri hatukuwa nacho, bendi zinaingia studio za Radio Tanzania zinarekodi kwenye tepu kwa ajili ya kurushwa hewani, wanaotaka santuri wanakwenda Nairobi kwa kampuni za santuri, akina Polygram. Akasema ndio maana wimbo mmoja unaweza kuwa na rekodi mbili, ya redioni na ya santuri, na ile ya santuri ndogo ya 45 mara nyingi imekatwa vipande viwili, upande huu sehemu ya kwanza, sauti inafifia, unageuza, upande wa pili ndio sebene. Ya redioni haikatwi, inapigwa moja kwa moja. Yote hayo ni kweli! Akaniuliza Mbaraka Mwinshehe, yule mwimbaji na mpiga solo, alitoka bendi ya Moro Jazz mwaka gani, nikasema 73, akaenda kuanzisha Super Volcano, jamaa akagonga meza akasema "mwanangu wewe unajua muziki, wewe siwezi kukuuzia takataka". Nilijisikia mkubwa pale, nakiri.

Nikasema basi nisikie. Akafungua laptopu, akanipa hedifoni kubwa zile za kufunika sikio lote. Akasema nakupigia kwanza hii ya kawaida inayozunguka mtandaoni, halafu nakupigia kazi yangu. Akapiga ya kwanza. Sauti iko mbali, imefifia, gitaa la solo kama linapigwa chumba cha pili. Kama sekunde ishirini hivi. Halafu akabofya ya pili, aisee, ikalipuka. Solo liko usoni, besi inagonga kifuani, sauti ya Mbaraka imejaa kichwa kizima. Nikavua hedifoni nikamwangalia, akatabasamu tu, akasema "hiyo ndiyo masta tepu". Mkono wake muda wote ulikuwa kwenye kibodi na mimi sikuuangalia mkono, nilikuwa nimefumba macho nasikiliza.

Nimekuja kuelezwa juzi na jirani yangu mwenye spika kubwa, amefanya kazi za sauti miaka mingi. Kaniambia huo ni mchezo wa zamani kuliko wote. Ukichukua kitu kilekile ukakipiga kwa sauti ya chini, halafu ukakipiga tena kimepandishwa kidogo tu, sikio la binadamu yeyote litasema cha pili ni kizuri zaidi. Hata sikio la fundi. Ukitaka kulinganisha matoleo mawili lazima uyasawazishe sauti kwanza, yawe sawa, ndipo uamue. Mimi sikujua. Na nyimbo zote za yule jamaa ndivyo zilivyo, kazibana zikapanda mpaka mwisho, pale pa kupiga taratibu na pale pa kuchemka ni kelele ileile moja, dakika kumi tu kichwa kinauma.

Kingine kilichonifanya niamini ni ukubwa wa mafaili. Nilikagua! Siyo kwamba sikukagua. Wimbo mmoja wa dakika tano unakaribia MB 100, umeandikwa FLAC, aina ya faili isiyopoteza sauti, biti 24, kHz 96. Nikasema hapa hakuna MP3, yale mafaili madogo yaliyobanwa. Kumbe unaweza kuchukua MP3 ya 128, inayokula kama MB moja kwa dakika, ukaigeuza kuwa FLAC ya biti 24 na ikavimba hivyohivyo. Ni kama kumimina maziwa ya glasi moja kwenye ndoo, ndoo ni kubwa lakini maziwa ni yaleyale ya glasi. Ndicho alichofanya, nyimbo zote nilizopima mpaka leo, na nimepima zaidi ya arobaini.

Nikalipa palepale kwa simu. Akanisindikiza mpaka ngazini, akasema msalimie mzee.

Jumamosi. Mliokuwepo mliona. Wazee wenzake watatu wamekaa naye, baba mdogo yupo, hao watu wanne Moro Jazz hawakuisoma popote, waliicheza, Morogoro palepale ukumbini wakiwa vijana. Nikasimama mbele ya watu nikasema mzee wangu leo utamsikia Mbaraka kama siku ile, hii imetolewa kwenye tepu zenyewe za redio. Nilisema hivyo kwa mdomo wangu, mbele ya watu wote wale. Nikabofya.

Mzee alisogea mbele kwenye kiti. Mwanzo anatabasamu. Baadaye nikaona tabasamu linapungua, akainamisha kichwa kama mtu anayetafuta kitu. Akasema punguza kidogo. Nikapunguza. Akasema "mbona manyanga hayapo?" Na kweli, ile shaa shaa ya manyanga inayotembea na wimbo mwanzo mwisho haikuwepo, imefutwa, kilichobaki kinasikika kama kinapigwa chini ya blanketi. Kumbe jamaa kaweka programu ya kuondoa mvumo wa tepu, kaiminya mpaka ikaondoka na manyanga na pumzi za waimbaji. Baba mdogo akasema sauti kama iko ndani ya pipa, na hilo nalo tumekuja kulijua, rekodi nyingi za enzi zile ni mono, sauti yote mkondo mmoja, jamaa kazigawanya kinguvu ziwe stereo, nyuzi nyembamba kazipeleka kushoto, besi kulia, katikati pamebaki tupu.

Halafu mzee mmoja akauliza, kwa upole tu, "huyu ni Mbaraka kweli? Mbona anaimba kitoto?"

Na kabla sijajibu wimbo ukafifia. Katikati. Kimya. Kwaruu kwaruu kama sekunde mbili, ukaanza tena. Ile ile alama ya santuri kugeuzwa aliyonielezea yeye mwenyewe ofisini kwake na kunywa soda naye! Baba mdogo akanigeukia, "si umesema imetoka redioni?" Watu wote wananiangalia. Sikuwa na jibu. Mzee akasema basi mwanangu hamna shida, kaniletee ile kaseti yangu. Nikaenda ndani kuifuata na sikutoka haraka.

Nilimpigia yule jamaa usiku uleule. Akapokea, akasema tatizo ni spika zetu. Jumapili akasema masikio ya wazee yamechoka. MASIKIO YA BABA YANGU. Mtu aliyecheza mbele ya jukwaa la Moro Jazz, wewe muuza MP3 unamwambia masikio yamechoka. Jumatatu akazima simu. Nimekwenda ofisini Jumanne, wanasema kile chumba hukodishwa kwa wiki.

Huyu mtu afungwe. Sitaki kusikia habari za kusamehe. Laki tatu na nusu zangu arudishe na bado afungwe, kwa sababu siyo hela peke yake, kamtumia marehemu. Mbaraka amefariki Januari 1979 kwa ajali ya gari Mombasa, akiwa mtu wa miaka kama thelathini na tano, mwanamuziki Marijani Rajab naye katangulia 1995, hawa watu wengi wao wamekufa bila kufaidi kazi zao, familia zao zipo, halafu anakuja mtu anachukua nyimbo mtandaoni bure, anaziharibu, anaziuza kwa jina la tepu za redio ya taifa. COSOTA, watu wa hakimiliki, wako wapi? Kwa nini mtu aweke tangazo waziwazi "masta tepu za RTD" na asiulizwe hata na mjumbe? Sheria ya makosa ya mtandao ipo tangu 2015, itumike basi. Na anayempangisha chumba naye aulizwe. Na nyinyi mliopigwa mkanyamaza kwa aibu, nimeshapata wawili mpaka sasa, mnamsaidia, njooni tuandikishe pamoja, mtu akiwa mmoja polisi wanaona kesi ndogo, tukiwa kumi hawezi kutoka.

Watu wananiuliza dalili. Dalili kubwa niliyotakiwa kuiona ni kwamba mezani pana tepu lakini chumba kizima HAKUNA MASHINE ya kuipigia. Ilikuwa pambo tu. Mtu anayehamisha tepu ana mashine, na atakuambia mwenyewe mashine gani, kaisafisha lini, kasi kaipimaje. Mwambie aipige hapohapo.

Nyingine, kuna programu ya bure inaitwa Spek, unaweka faili inakuchorea picha ya sauti. Za huyu zote zimekatika kwenye kHz 16 kama zimekatwa na panga, mstari ulionyooka kabisa, hiyo ni alama ya MP3 ya 128. Msichanganye lakini, rekodi ya zamani nayo huwa haina mengi huko juu, ila yenyewe inaisha taratibu, inafifia, haina ukuta. Na pima dakika. Wimbo ambao kwenye kaseti ya mzee na nakala nyingine mbili ni dakika 6 na sekunde 10, kwake ni 5 na 49, yaani umekimbizwa, mpwa wangu akichukua gitaa inabidi apande kibati kimoja kwenye shingo ya gitaa ndio waendane, na ndio maana Mbaraka akawa anaimba kitoto. Jirani anasema wanaopandisha nyimbo za watu YouTube huzikimbiza hivyo ili mitambo isizitambue, kwa hiyo tunajua hata alikoziokota.

Namba yake nimeituma TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kwa 15040, nanyi mliotumiwa ule ujumbe utumeni huko huko, ni bure. Ujumbe wangu wa malipo ninao, picha za Spek ninazo, tepu ile kama mtu ataiona inauzwa popote aniambie, boksi lina mstari wa bluu na kona moja imechanika.

Mnaotaka sauti nzuri ya kweli ya nyimbo za miaka ya sitini tafuteni ule mfululizo wa Zanzibara wa Buda Musique ya Ufaransa, namba 3, ni CD ya kawaida tu, biti 16, haina maneno makubwa, lakini manyanga unayasikia. Jirani kanipigia juzi. Nilitaka kulia.

Ila ule wimbo wa mzee humo haumo. Kama kuna mwenye santuri yoyote ya Super Volcano ya Polygram, hata iwe na mikwaruzo, siombi kununua, naomba nije na mashine ya jirani tuinakili mbele yako na santuri ibaki kwako. Ile kaseti imebaki na upande mmoja tu unaocheza na mzee anaipiga kila siku jioni.