Maoni ya pili ya patholojia kwa aliyewahi kuugua saratani ya matiti: tathmini ya huduma

Dada yangu ametumia huduma ya maoni ya pili ya patholojia, yaani daktari mwingine kuchunguza upya vinyama vilivyokatwa mwilini, katika hospitali moja ya rufaa inayotibu saratani, nami nilifuatana naye tangu siku ya kwanza hadi majibu yalipotoka. Naitoa hukumu yangu mapema: mwanamke yeyote aliyewahi kuugua saratani ya matiti, kisha akaambiwa kuwa ana uvimbe kwenye ovari au kwenye mji wa mimba, ana haki ya kuitafuta huduma ya namna hii kabla ya kukubali kisu.

Dada alitibiwa saratani ya titi la kushoto miaka tisa iliyopita, akameza tamoksifeni kwa miaka mitano. Alipoanza kutokwa na matone ya damu ukeni, ilhali hedhi yake ilikwisha koma zamani, kliniki ya kwanza ilimpa dawa za kuzuia damu na kumwambia kuwa ni mabadiliko ya homoni. Hakuna aliyemwuliza habari za titi, naye hakuzitaja kwa sababu hakudhani kuwa titi na kizazi vina uhusiano wowote. Damu inayotoka baada ya ukomo wa hedhi haifai kupokelewa kwa wepesi kwa mwanamke yeyote, sembuse aliyemeza tamoksifeni, dawa ambayo kwa wanawake wa umri huo hujulikana kuongeza hatari ya saratani ya utando wa ndani wa mji wa mimba. Miezi iliyopotea pale inaniuma hadi leo.

Baadaye ultrasaundi ilionyesha kuwa ovari zote mbili zimevimba na utando umenenepa. Kinyama kilipokatwa na kupimwa, maabara iliandika kuwa ni saratani iliyoanzia kwenye kizazi, kwa hoja kwamba seli zilikuwa na vipokezi vya estrojeni (protini zinazoipokea homoni hiyo ya kike), na dada akapangiwa upasuaji mkubwa wa kuondoa mji wa mimba, mirija na ovari. Hapo ndipo tulipoomba maoni ya pili.

Swali la kwanza la daktari wa patholojia lilikuwa hili: saratani ya titi ilikuwa ya aina gani, na kile kinyama cha zamani kimehifadhiwa wapi? Kwangu mimi, thamani yote ya huduma hii imo katika swali hilo. Tulipomletea vipande vya zamani vilivyohifadhiwa kwenye nta, alivilinganisha na vipya chini ya hadubini, kisha akatueleza bila haraka. Saratani ya titi ya dada ilikuwa ya lobula (vijitezi vya maziwa), ambayo seli zake kwa kawaida hupoteza protini ya E-kadherini inayozishikanisha, hivyo hupenya kwenye tishu zikiwa mojamoja, zimefuatana kama watu walio kwenye foleni. Aina hiyo, kuliko ile ya mirija ya maziwa, huelekea zaidi kwenye utando wa tumbo, utumbo na viungo vya uzazi, na inaweza kujitokeza tena baada ya miaka mingi. Kati ya viungo vya uzazi, ovari ndizo zinazofikiwa mara nyingi zaidi. Mji wa mimba huathiriwa kwa nadra, na uke kwa nadra zaidi.

Alieleza pia kwa nini vipokezi vya estrojeni peke yake havikutosha: saratani nyingi za mji wa mimba na za ovari huwa navyo vilevile. Kwa hiyo aliongeza vipimo vya kingamwili, vinavyoonyesha protini zilizomo kwenye seli. GATA3, ambayo huonekana katika saratani nyingi za matiti, ilikuwapo; PAX8, ambayo huonekana katika saratani nyingi zinazoanzia kwenye ovari na mji wa mimba, haikuwapo. Hakuuficha upande wa pili wa jambo: wapo wanawake, hasa wenye kasoro ya kurithi katika jeni za BRCA1 au BRCA2, ambao hupata saratani mpya ya ovari baada ya ile ya titi, na kwao upasuaji huwa nguzo ya tiba. Kwa dada haikuwa hivyo: ilikuwa ileile saratani ya titi iliyosambaa. Upasuaji uliahirishwa, akaanzishiwa vidonge vya kuzuia estrojeni pamoja na dawa ya kuzuia seli kugawanyika, baada ya HER2 (protini inayochochea seli za saratani kukua) kupimwa upya kwa kuwa hali yake inaweza kubadilika ugonjwa unaposambaa. Aliambiwa wazi kwamba tiba hiyo inalenga kuudhibiti ugonjwa kwa muda mrefu, si kuung'oa kabisa, na ukweli huo ulisemwa kwa upole.

Lawama ninazo. Vile vipande vya nta tulivifuata sisi wenyewe, jambo ambalo hospitali mbili zingeweza kumalizana, na mgonjwa asiye na wa kumsaidia angekwama hapo. Ripoti yenyewe imejaa vifupisho ambavyo dada hakuelewa hata kimoja hadi daktari alipoketi naye, na hakukuwa na mshauri nasaha siku ya majibu, siku ambayo alihitajika kuliko siku nyingine zote.

Anayekusudia kwenda abebe ripoti ya kwanza kabisa ya titi, hata kama ni ya miaka kumi au ishirini iliyopita, pamoja na orodha ya dawa zote alizotumia, na aulizie mapema mahali kinyama chake kilipohifadhiwa. Sisi tulichelewa wiki mbili nzima kwa kutolijua hilo.