Daktari wa Ngamiani Anayeomba Kuona Mfuko wa Dawa

Kwa miaka mitatu sasa nimekuwa nikimpeleka mama yangu mzazi, mwenye shinikizo la damu, kwenye zahanati ndogo ya binafsi iliyoko Ngamiani, hapa Tanga, na ningependa wenye wazazi wazee waifahamu huduma ya daktari wa pale.

Tulifika mara ya kwanza kwa sababu miguu ya mama ilikuwa imevimba. Kituo tulichokwenda kabla kilimpa dawa ya kupunguza maji mwilini, akawa anaamka kukojoa usiku kucha na uvimbe ukabaki vilevile. Daktari alimwamkia, akampima, kisha akasema, "Mama, naomba nizione dawa zako zote, hata zile za dukani." Ilinibidi nirudi nyumbani kuzichukua. Zilipomiminwa mezani, zilionekana pakiti mbili zenye majina na rangi tofauti, moja aliyopewa hospitali na nyingine niliyomnunulia mimi mwenyewe, na zote zilikuwa amlodipini, dawa ya kushusha shinikizo la damu, ya miligramu 10. Kiwango cha juu cha dawa hiyo kwa siku ni miligramu 10. Mama alikuwa akimeza 20, na kuvimba miguu ni miongoni mwa athari zake zinazojulikana, hasa dozi inapokuwa kubwa. Aliachishwa pakiti moja pamoja na ile dawa ya maji, na baada ya wiki mbili viatu vyake vilimwingia tena.

Nilipomuuliza daktari ameanza lini desturi hii, alinisimulia, bila kutaja jina, habari za bibi mmoja ambaye presha yake haikushuka chini ya 170 ingawa aliongezewa dawa mara kwa mara, mpaka siku vidonge vyake vilipohesabiwa ikajulikana kwamba alikuwa akiruka siku moja moja ili visiishe kabla mwanawe hajatuma fedha. "Nilimtibu miezi mitano sijamuuliza nani anamnunulia dawa," alisema, na ilionekana wazi kuwa jambo hilo bado linamuuma. Sasa swali hilo humuuliza kila mgonjwa, kwa sauti ya chini, mlango ukiwa umefungwa. Mama, ambaye kwa kawaida hapendi kuulizwa habari za fedha, alimjibu bila kusita.

Ramadhani ilipokaribia daktari alimhamishia mama kidonge baada ya futari na kumtaka arudi kupimwa katika juma la kwanza la mfungo.

Kasoro zipo. Kwa kuwa kila mgonjwa hupewa muda wa kutosha, foleni huenda polepole, na tumewahi kusubiri zaidi ya saa mbili kwenye mabenchi ya barazani, pasipo feni, jambo ambalo ni zito kwa mtu mzima. Eksirei hakuna, daktari huandika barua ya rufaa na kueleza ndani yake dawa zote anazotumia mgonjwa. Usiku zahanati hufungwa, kwa hiyo aliyezidiwa saa hizo apelekwe moja kwa moja Hospitali ya Bombo.