Laini ya mezani nzuri, ila hii tozo ya "toni" hapana

Bado natumia simu ya mezani, chekeni tu, na laini yenyewe sina ugomvi nayo, sauti safi na haikatiki hovyo. Kinachonikera ni mstari mmoja kwenye bili, "huduma ya toni", yaani nalipia kila mwezi kisa simu yangu inapiga namba kwa milio badala ya ile tk-tk-tk ya kizamani. Nikapiga kuuliza, dada wa huduma kwa wateja akasema ni huduma iliyoboreshwa. Sawa dada, imeboreshwa kwa faida ya nani?

Maana zile simu za kuzungusha zinatuma kama mapigo 10 kwa sekunde (ndiyo hizo tk-tk-tk) na sifuri peke yake ni mapigo 10, kwahiyo namba ikiwa na sifuri kibao mtambo wa kampuni unaounganisha simu unakaa unakusubiri wewe tu. Toni ni kitu kingine kabisa, kila kitufe kinatoa milio miwili kwa pamoja, 5 kwa mfano ni hezi 770 na 1336, mtambo unaidaka chap unaenda kwa mteja mwingine. Anayeokoa muda hapo ni kampuni pia! Kampuni ya simu ya Bell walipoianzisha toni Marekani mwaka 1963 walitoza ziada na kidogo naelewa, mitambo mingi ya zamani ilijua mapigo tu, ikabidi wafunge vifaa vya kupokea toni. Ila mitambo ya kidijitali imetoka kiwandani inajua toni, sasa hiyo hela ni ya nini? Ni ya mazoea tu, watu walishazoea kulipa.

Nikawaambia watoe. Chini ya simu yangu kuna kiswichi cha T (toni) na P (mapigo, "pulse"), nikasukuma P, basi ukibonyeza 9 unasikia inahesabu taratibu mpaka imalize, na simu inaita kama kawaida. Shida inakuja kwenye zile sauti za "bonyeza 1, bonyeza 2", mapigo hazielewi, lakini simu yangu ukibonyeza nyota inarudi kwenye toni mpaka ukate, na hapo hakuna anayekutoza maana ukishaunganishwa ile milio ni sauti tu kama unavyoongea.

Laini naipa 4 kati ya 5, tozo sifuri. Mwenye haraka P itamchosha, namba ndefu inaenda kwa kujivuta kweli. Ah, na kitufe cha kurudia namba ya mwisho kinafanya kazi kwenye P vilevile, hicho wasije wakakiwekea bei.