Uzoefu wangu na toleo la katuni la "Fury from the Deep": linunue, ila tanguliza masikio

Kwa anayetaka jibu la haraka: nunua. Ila ujue kwanza unanunua nini, maana ukiingia ukitegemea katuni ya kisasa yenye mbwembwe, utaizima kabla sehemu ya kwanza haijaisha.

Hii ni hadithi ya sehemu sita katika Doctor Who, mfululizo wa televisheni wa hadithi za kisayansi kuhusu msafiri wa wakati aitwaye Daktari. BBC waliirusha kila Jumamosi kuanzia Machi 16 hadi Aprili 20, 1968, enzi za Patrick Troughton kama Daktari. Mwandishi ni Victor Pemberton, mwongozaji Hugh David. Leo hakuna hata sehemu moja iliyobaki nzima, kwa sababu miaka hiyo BBC walikuwa wakifuta kanda za vipindi vyao ili zitumike tena. Kilichopona kwa ukamilifu ni sauti. Watazamaji waliokuwa na mashine za kurekodi walizinasa sehemu zote sita wakiwa majumbani mwao, na rekodi hizo ndizo zilizowezesha toleo la Septemba 2020. Mazungumzo, muziki na milio yote ni ya 1968. Picha zimechorwa upya kuifuata sauti hiyo. Kwa hiyo mimi nalihesabu kama toleo la kusikiliza lenye picha, na nililipenda nilipoanza kulichukulia hivyo.

Hadithi yenyewe iko pwani ya Uingereza, kwenye kituo kinachopokea gesi kutoka Bahari ya Kaskazini. Huko baharini kuna majukwaa ya uchimbaji, na mabomba yanaileta gesi nchi kavu. Daktari na wenzake wa safari, Jamie na Victoria, wanafika ufukweni, wanasikia kitu kikidunda ndani ya bomba, na kabla hawajaelewa ni nini, wanakamatwa na wafanyakazi wa kituo. Mwani umeingia kwenye mabomba. Si mwani wa kawaida: unafikiri, unaishi kwa gesi, na unawatawala watu. Ukimchoma mtu kidogo tu, anaanza kugeuka kuwa mtumwa wake.

Ukisimulia hivyo inaonekana kama hadithi ya dubwana, na dubwana lipo. Ila kilichonitisha mimi ni Robson. Ndiye bosi wa kituo, kazi ameijulia kwenye majukwaa yenyewe, na hataki kabisa kusikia habari ya kusimamisha mtiririko wa gesi. Presha inashuka na kupanda bila sababu, mawasiliano na majukwaa yanakatika, kuna mlio kwenye shimo la pampu, na mshauri wa kiufundi kutoka Uholanzi, Van Lutyens, anamsihi afunge gesi wakague. Robson anakataa. Harris, msaidizi wake aliyesoma, anajaribu kwa upole, naye anafokewa mbele ya wenzake. Dawa ya tatizo zima katika sehemu mbili za kwanza ni kufunga vali, na vali haifungwi kwa sababu mtu mmoja ameona kuifunga ni kushindwa. Yeyote aliyewahi kufanya kazi kwenye kiwanda ambacho uzalishaji hausimami atamtambua huyu bwana kwa sauti tu. Victor Maddern anamcheza kwa hasira ambayo chini yake kuna woga, na woga huo unapanda sehemu hadi sehemu mpaka anavunjika. Hapo ndipo mwani unapompata.

Ukumbuke pia wakati wenyewe. Gesi ya Bahari ya Kaskazini ilikuwa habari mpya kabisa Uingereza. Iligunduliwa mwaka 1965 na jukwaa la Sea Gem, na mwezi Desemba mwaka huohuo jukwaa hilo likaanguka baharini na kuua watu 13. Mwaka 1967 gesi ikaanza kufika nchi kavu, na ukaanza mpango wa kubadilisha majiko na hita nchi nzima ili zitumie gesi hiyo badala ya ile iliyotengenezwa kwa makaa ya mawe. Yaani familia iliyokaa mbele ya televisheni Machi 1968 huenda ilikuwa ikisubiri mafundi wabishe hodi waje kushughulikia jiko. Halafu Pemberton anawaletea Bwana Oak na Bwana Quill.

Hawa wawili ni mafundi wa matengenezo. Wamevaa nguo nyeupe, mmoja mfupi mnene mwenye maneno matamu, mwingine mrefu ambaye hasemi neno. Wanafika nyumbani kwa Harris, mkewe Maggie yuko peke yake na anaumwa baada ya kuchomwa na mwani, wanapita chumba hadi chumba kana kwamba wanakagua, kisha wanamgeukia, wanafumbua vinywa na kumpulizia gesi. Basi. Hakuna damu, hakuna kelele kubwa. Tukio hili ni miongoni mwa vipande vichache vya picha halisi vilivyosalia, na vimesalia kwa sababu ya ajabu: wakaguzi wa Australia waliona vinatisha mno kwa watoto, wakavikata kwenye filamu kabla ya kurushwa kwao, na mabaki yale yakahifadhiwa kwenye nyaraka za serikali hadi yakapatikana katika miaka ya 1990. Vipande hivyo vimo kwenye diski. Vitazame. Kisha tazama tukio lilelile kwa katuni, na utaona wazi kilichopotea ni nini: uso wa Bill Burridge kama Quill, macho yametoka, mdomo wazi kupita kiasi. Hakuna mchoraji aliyeweza kuurudisha uso ule, na siwalaumu.

Hapo tumefika kwenye udhaifu mkubwa wa bidhaa hii. Wahusika wanatembea kwa ukakamavu, mikono haina kazi, na mtu anapozungumza ni mdomo na nyusi tu vinavyocheza. Troughton alikuwa mwigizaji wa mwili mzima. Unamsikia akitafuna maneno, akivuta pumzi, akigeuza sauti katikati ya sentensi, na unajua mikono yake ilikuwa inafanya kitu, lakini mchoro umesimama pale kama picha ya kitambulisho. Katika matukio ya vichekesho, hasa lile la Daktari kurusha helikopta bila kuijua vizuri, pengo hili linauma.

Upande wa mandhari kazi ni nzuri sana. Vyumba vya kituo vina kina, mabomba yanaonekana mazito, na bahari ya jioni ina rangi ya kutia baridi. Majukwaa ya baharini yamechorwa kufuata eneo halisi lililotumika 1968, yaani Red Sands, ngome za kijeshi kwenye mlango wa mto Thames. Zilijengwa wakati wa Vita Kuu ya Pili kwa ajili ya mizinga ya kutungulia ndege: nyumba za chuma juu ya miguu mirefu, zikiunganishwa na madaraja. Baada ya vita zilitelekezwa, kisha katikati ya miaka ya 1960 zikawa makao ya redio zisizo na leseni. Ukiziona kwa mbali kwenye ukungu unaelewa mara moja kwa nini mtu aliamua kwamba hapa ndipo kitu kibaya kitakapojificha.

Mwani wenyewe ulitengenezwa mwaka ule kwa povu jingi, na povu ndilo lililotawala picha. Wachoraji wa 2020 wamejipa uhuru zaidi, wakaupa minyiri na umbo kubwa. Mimi nilipenda zaidi pale wanapouficha: kitu kinachosogea nyuma ya kioo cha bomba, povu linalotoka kwenye tundu la hewa na kuanza kujaza chumba. Ukionyeshwa wote kwa pamoja unapungua nguvu.

Toleo lina rangi na lina nyeusi na nyeupe pia. Chagua nyeusi na nyeupe. Rangi si mbaya, ila inaanika ubapa wa michoro, wakati kwenye nyeusi na nyeupe vivuli vinafunika mengi na sauti inakaa mahali pake. Na kama una spika nzuri au vipokea sauti vya masikioni, huu ndio wakati wake. Mapigo yale ya moyo ndani ya bomba yanatengenezwa kwa mdundo mzito wa taratibu ambao mara nyingine huusikii ukianza. Unagundua tu kwamba umekuwepo kwa muda. Brian Hodgson wa Radiophonic Workshop, kitengo cha BBC cha kutengeneza milio, ndiye aliyehusika na milio maalumu, na Dudley Simpson akaandika muziki. Kazi zao mbili zimeshikana kiasi kwamba mara nyingi sikujua kama ninasikia muziki au mashine ya kituo. Rekodi imesafishwa vizuri pia. Kuna sehemu sauti za watu ziko mbali kidogo, lakini hakuna sentensi niliyoikosa.

Na sauti ndiyo inayomaliza vita ndani ya hadithi. (Kama hutaki kujua mwisho, ruka aya hii na inayofuata.) Daktari anagundua kwamba oksijeni safi ni sumu kwa mwani, lakini akiba ya oksijeni ya kituo imeharibiwa. Kinachobaki ni mayowe ya Victoria. Kila aliposhikwa na hofu akapiga yowe, mwani ulirudi nyuma, kwa hiyo Daktari anayarekodi, anayakuza, na kuyapeleka kupitia mabomba hadi kwenye kiini cha mwani baharini. Jambo hili lilinigusa kuliko nilivyotarajia. Msichana ambaye kwa muda mrefu kazi yake kwenye mfululizo ilikuwa kupiga mayowe, safari hii mayowe yake ndiyo yanayookoa kila mtu, na baada ya hapo anasema amechoka. Hataki tena kutishwa kila siku. Deborah Watling anaijenga hali hiyo tangu sehemu ya kwanza, kidogo kidogo, kwa maswali madogo kwa Daktari kwa nini kila wanapokwenda lazima wakute balaa, kwa hiyo anapoamua kubaki na familia ya Harris unaona ni uamuzi uliokomaa. Jamie anaumia, na Frazer Hines anayabeba maumivu hayo kwa sauti ya chini bila kulia. Katuni imetulia hapo, na kwa mara moja utulivu wake unafaa.

Kingine ninachokiheshimu: hadithi inawarudisha watu. Robson anapona. Maggie, ambaye mwisho wa sehemu ya tatu anatembea taratibu kuingia baharini hadi maji yanamfunika, anapona. Mwandishi alikataa kuwatupa wahusika wake kama chambo, na hofu haikupungua hata kidogo kwa sababu hiyo.

Usitegemee kasi. Sehemu ya tatu na ya nne zina kuzungukazunguka: mtu anatoroka chumba, anarudi chumba, wanabishana tena kuhusu shimo la pampu. Ukitazama zote sita kwa mkupuo utachoka. Zilitengenezwa kutazamwa moja kwa wiki, na mimi nakushauri uzigawe, hata kama ni moja kila jioni. Anapoingia Megan Jones, mkuu wa kampuni, mambo yanachangamka tena. Margaret John anamcheza mwanamke mwenye mamlaka ambaye hana haja ya kupaza sauti; anasikiliza hoja, anauliza, anabadili msimamo akipewa sababu. Baada ya sehemu kadhaa za Robson, ni nafuu kubwa kumsikia bosi anayesikiliza.

Wapenzi wa mfululizo huu watataka kujua pia kwamba bisibisi ya sauti ya Daktari, kifaa chake maarufu, inaonekana hapa kwa mara ya kwanza, na kazi yake ya kwanza ni kufungua skrubu kwenye bomba la gesi. Hakuna shangwe, anaitoa mfukoni, anafungua, anairudisha.

Ziada za kwenye diski ni za thamani. Mbali na vipande vya picha halisi kuna makala ndefu inayowarudisha baadhi ya waliohusika kwenye maeneo waliyorekodia, na hapo ndipo unapoziona ngome za Red Sands zilivyo sasa, zimeota kutu lakini zimesimama. Kuna pia The Slide, mchezo wa redio ambao Pemberton aliuandikia BBC mwaka 1966, wenye tope linalofikiri na kuwatawala watu wa mji mmoja wa Uingereza. Mbegu za hadithi ya mwani zimo humo. Roger Delgado yumo pia, miaka kadhaa kabla ya kuigiza adui mkubwa wa Daktari. Usiuanze kabla ya hadithi kuu kwa sababu utakuonyesha mbinu mapema. Sikiliza baadaye, taa zikiwa zimezimwa.

Kwa watoto, kama mtoto wako hulala vibaya baada ya kuona mtu mzima akigeuka ghafla kuwa adui, subiri kwanza. Oak na Quill bado wanafanya kazi ileile waliyoifanya 1968. Asiyevumilia michoro inayotembea kwa shida atafute toleo la sauti peke yake. Wengine wote, nyota nne kati ya tano, na niliyoiondoa ni kwa ajili ya mienendo ya wahusika, hasa ya Troughton, aliyestahili mikono.