Suti ya Nomex ya mbio za magari: uzoefu wangu baada ya kuuziwa ya go-kati

Wasee, suti yangu ya kwanza nilinunua kwa macho. Nyekundu, mistari mieupe kwa bega, jamaa akaniambia hii ndiyo madereva wote wa rali wanavaa, nikatoa 15,000 bila swali hata moja. Siku ya autokrosi (mbio za magari kwa vumbi) pale Jamhuri, Nairobi, mzee wa kukagua vifaa akageuza kola, akasoma lebo, akanirudishia. "Kijana, hii ni ya go-kati."

Kumbe ya go-kati (vile vigari vidogo vya mbio vilivyo wazi) imeshonwa ili usichubuke ukirushwa kwa lami, maana kule huna mkanda wa kukushika kwa kiti. Moto si kazi yake. Siku hiyo nilikaa kando nikila vumbi la wenzangu.

Nikifika nyumbani nikachomoa uzi kwa pindo nikauwashia kibiriti. Ukajikunja, ukayeyuka, ukabaki kitone kigumu kama kifuniko cha chupa kilichoungua. Kilinigusa kidole kidogo tu na bado nikapiga kelele, sasa hesabu mgongo mzima.

Ya pili ni mtumba, Nomex (kitambaa cha kuzuia moto) tabaka tatu, 38,000, binamu yangu aliniletea kutoka Uingereza. Hii pia nilichoma uzi, sikuweza kujizuia. Ukawa mweusi, ukawa mkavu wa kuvunjika, nilipoondoa kibiriti ukazima hapo hapo, hakuna kudondoka. Nomex ni ya DuPont wa Marekani, iko tangu miaka ya 60, na kitu nimeipendea ni kwamba kukataa moto kuko ndani ya uzi wenyewe, haijapakwa dawa, kwa hivyo kufua hakuiondoi. Kuna zile za pamba iliyotiwa dawa, bei yake ni nafuu, lakini ukifua ovyo dawa inapungua nguvu na wewe hujui. Hata Nomex usiitie jiki wala usiianike juani siku nzima, jua linaila.

Halafu msidhani ukivaa unaweza kukaa kwa moto ukipiga stori. Kwa vipimo vya SFI (shirika la Marekani la viwango vya vifaa vya mbio), suti yenye lebo ya 3.2A/1 inakupa sekunde kama 3 kabla ngozi ianze kupata malengelenge, 3.2A/5 inafika kama 10. Ni muda wa kufungua mkanda na kutoka, basi. Grosjean, dereva wa Formula 1, kule Bahrain 2020 alikaa ndani ya moto karibu sekunde 27 akatoka na mikono imeungua, na yeye alikuwa na vifaa vya juu kabisa.

Hewa kati ya tabaka ndiyo inazuia joto, kwa hivyo usinunue ya kubana ati ndiyo upendeze kwa picha. Na ndani usivae jezi ya mpira! Nimeona watu wanavaa. Suti inaweza kubaki sawa na hiyo jezi ikayeyukia kifuani.

Ubaya wake ni joto. Saa saba mchana, balaklava (kile kitambaa cha kufunika kichwa na uso) kichwani, nguo ndefu ya ndani, umepanga foleni injini inanguruma, jasho linaingia hadi kwa viatu. Nimezoea nusu nusu.

Kosa lingine ni langu kabisa. Nilipeleka kwa fundi wa mtaani anishonee beji ya bendera, akapitisha mashine tabaka zote tatu kwa uzi wa kawaida wa polista, ule wa kuyeyuka kwa moto. Na alishona vizuri jameni, ushonaji wa kupendeza, ndiyo uchungu. Niliketi na wembe mpaka saa sita usiku nikifumua tundu kwa tundu.

Naipa 8 kwa 10. Ukienda kununua, geuza kola kwanza utafute lebo ya FIA (shirikisho la mbio za magari duniani) 8856-2000 au 8856-2018, hiyo ya 2018 ina na mwaka wa kuisha muda. Ile nyekundu bado ninayo, navaa nikiosha gari.